Waya Haukubali Kunyooka

Nguzo ilianza kuinama wiki ya tatu. Haikuanguka wala haikuvunjika. Ilielekea kidogo tu upande wa nyumba, kiasi kwamba mpita njia asingeona chochote. Nilipoishushia timazi, ncha yake ilikuwa imetoka kwa sentimita tatu. Udongo wa nyuma yake ulikuwa umefanya ufa mwembamba, wa kuingiza ukucha. Upande wa pili, ukutani, boliti iliyoshika ndoano ilikuwa imeanza kuchomoza kwenye plasta. Kati ya vitu hivyo viwili kulikuwa na mita 20 za waya wa chuma, na chini ya waya huo nilikuwa nimefunga kebo ya umeme inayokwenda karakana.

Kazi ile niliifanya mwenyewe, tena kwa uangalifu. Niliukaza waya kwa skurubu yake mpaka ukaonekana umenyooka kama rula, kwa kuwa machoni pangu waya ulionyooka ndio uliofungwa vizuri. Mnepo uliobaki, yaani kimo ambacho katikati ya waya imeshuka chini ya ncha zake, haukuzidi sentimita 10.

Mzigo wote nilikuwa nimeupima kabla ya kuupandisha. Waya na kebo kwa pamoja vilikuwa kilo 10. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo kama hizo, nami ningeweza kuubeba mzigo ule kwa mkono mmoja. Nguzo ile ilikuwa nene kama paja, imefukiwa vizuri, na urefu wake juu ya ardhi ulikuwa mita nne. Kilo 10 zinawezaje kuinamisha nguzo ya namna hiyo?

Nilianza na hesabu ambayo kila mtu huanza nayo. Kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, hupimwa kwa nyutoni. Kilo moja nitaihesabu nyutoni 10 ili tarakimu zisitusumbue, kwa hiyo uzito ni nyutoni 100. Maegemeo ni mawili, nguzo na ukuta, kila moja linabeba 50. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ila inaeleza kani ya wima peke yake, ile inayoikandamiza nguzo kwenda chini. Nguzo imesimamishwa kwa ajili ya hiyo na inaweza kubeba mara mia yake bila kutikisika. Kilichoiinamisha nguzo yangu kilitoka ubavuni, na kugawa kwa mbili hakusemi lolote kuhusu ubavuni.

Ili kuipata kani ya ubavuni lazima uukate waya. Si kwa koleo, kwa kalamu. Chora waya ulioning'inia, kisha ukate katikati, pale chini kabisa, uufute upande wa kulia wote. Kipande cha kushoto kimebaki peke yake na hakijaanguka, maana yake kuna kitu kinachokishika pale ulipokata. Kitu hicho ni upande uliofutwa, ambao ulikuwa ukikivuta. Na kwa kuwa waya haujui kusukuma wala kukataa kukunjwa, unajua kuvuta tu kwa kufuata mwelekeo wake wenyewe, basi pale chini kabisa ambapo umelala sambamba na ardhi mvuto huo ni wa mlalo mtupu. Tuuite H.

Sasa simama kwenye egemeo la kushoto uangalie ni nini kinajaribu kukizungusha kipande hiki. Uzito wake ni nusu ya uzito wote, nao uko katikati ya kipande, yaani robo ya umbali kutoka kwenye nguzo. Huo unakizungusha kushuka. H inavuta kwa mlalo ikiwa chini ya egemeo kwa kimo sawa na mnepo, nayo inakizungusha kinyume. Kipande kimetulia, kwa hiyo mizunguko hiyo miwili, kila mmoja ukiwa ni kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo, lazima ilingane. Tukiita uzito wa kila mita w, umbali kati ya maegemeo L, na mnepo d, tunapata:

H × d = (w × L ÷ 2) × (L ÷ 4)

Yaani:

H = w × L² ÷ (8 × d)

Hiyo ndiyo kanuni yote. Nimeiona ikiandikwa kwenye majedwali kana kwamba imeshuka kutoka mawinguni, na miaka mingi niliinakili hivyohivyo. Sikuwahi kuielewa mpaka siku nilipoichora mwenyewe kwenye mfuko wa saruji, nikiwa nimekaa chini ya nguzo iliyoinama.

Tazama d imekaa wapi. Imekaa chini ya mstari wa kugawa. Mnepo ukipungua nusu, H inaongezeka maradufu. Mnepo ukikaribia sifuri, H haina mwisho. Waya wowote wenye uzito, hata uzi wa cherehani, hauwezi kuvutwa ukanyooka kabisa kwa mlalo, kwa sababu ukinyooka hautakuwa na pembe yoyote ya kuelekea juu, na bila pembe hiyo hakuna kitu cha kubeba uzito wake. Mnepo nilikuwa nauona kama uzembe wa fundi, kumbe ndimo waya unamopata nguvu ya kujibeba.

Kwa waya wangu, w ni nyutoni 5 kwa mita na L ni mita 20. Kwa mnepo wa mita moja, H ni nyutoni 250. Kwa nusu mita ni 500. Kwa sentimita 10 zangu nilizojivunia ni nyutoni 2,500, uzito wa kilo 250, watu wazima watatu na ushee, wakivuta ncha ya nguzo kwa ubavu usiku na mchana. Kwa nguzo ya mita nne, mzunguko unaofika kwenye shina lake ni 2,500 mara 4, nyutoni-mita 10,000. Chukua boriti ya mita 10, ikite ukutani kwa mlalo, tundika kilo 100 kwenye ncha yake: mzigo unaouhisi ukuta ndio ule ule uliokuwa ukihisiwa na udongo wangu.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa urefu wa waya wenyewe. Waya ulionepa ni mrefu kuliko umbali kati ya nguzo, na kwa mnepo mdogo ziada hiyo ni karibu sawa na 8 × d² ÷ (3 × L). Kwa mnepo wa mita moja, ziada ni sentimita 13. Kwa nusu mita, sentimita 3 na kidogo. Kwa sentimita 10, ni milimita 1 na theluthi. Kwa hiyo kutoka mnepo wa nusu mita hadi ule wa sentimita 10 nilikuwa nimeukaza waya kwa sentimita tatu tu, mizunguko kadhaa ya skurubu, na kani ikapanda mara tano. Hapo nikaelewa pia kwa nini nguzo iliinama sentimita tatu ikatulia. Iliurudishia waya sentimita zake tatu, mnepo ukakaribia nusu mita, kani ikashuka kuelekea 500, na udongo ukaweza kuistahimili.

Mkazo wa waya wenyewe, yaani kani nzima inayouvuta kwa kufuata mwelekeo wake, ni hatua ndogo inayofuata. Kwenye egemeo waya unavuta kwa mlalo kwa H na kwa wima kwa nusu ya uzito, na hizo mbili zinaunganishwa kwa kanuni ya Pythagoras. Kwa mnepo wa mita moja ni 250 na 50, ambazo zinatoa 255. Pale chini katikati mkazo ni 250. H haibadiliki popote, kwa sababu hakuna kitu njiani kinachovuta waya kwa mlalo. Kinachoongezeka ukipanda kuelekea nguzo ni sehemu ya wima tu. Na tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini, 255 kutoa 250, ni 5, ambayo ni w mara d. Si bahati. Mkazo wa juu unazidi wa chini kwa uzito wa waya wenye urefu sawa na mnepo, na kwa mnyororo hasa kanuni hiyo ni kamili, haina kukadiria.

Sikuridhika na karatasi. Nilichukua mnyororo wa mita mbili wenye uzito wa kilo mbili na mizani mbili za springi, zile za ndoano, kila moja ikifika kilo 5. Nilining'iniza mnyororo kwenye mizani hizo, ncha mbili zikiwa karibu karibu. Kila mizani ilisoma kilo moja, kama mtu yeyote angetarajia. Kisha nikaanza kuzitenganisha taratibu. Kwa muda hakuna kilichotokea cha ajabu, mshale ukawa unasogea kivivu. Ulipofika kilo mbili nilisimama nikapima: mnyororo ulikuwa unakutana na ndoano kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Hapo kila upande unavutwa kwa uzito wote wa mnyororo, si nusu yake. Sababu ni kwamba sini ya nyuzi 30 ni nusu, na nusu ya mkazo ndiyo inayoelekea juu. Tangu siku ile nyuzi 30 ndicho kipimo changu cha macho: waya uliolala zaidi ya hapo, kila ndoano inabeba zaidi ya mzigo mzima.

Niliendelea kuvuta. Mizani zote mbili ziligonga mwisho, kilo 5 kila moja, kilo 10 za kusoma kwa mnyororo wa kilo mbili, na bado katikati palikuwa na mnepo wa sentimita 10. Mikono ilikuwa inatetemeka. Umbali kati ya ndoano ulikuwa umebakiza sentimita moja na theluthi hivi tu kuwa mita mbili kamili. Ningependa kila anayefundisha somo hili aanzie hapo, kwa kumpa mwanafunzi ashike, kabla ya kumwonyesha herufi yoyote.

Mnyororo una siri nyingine ninayoipenda kupita zote. Ondoa mizani, weka kapi laini pande zote mbili, na acha mnyororo wa aina hiyohiyo uendelee kushuka wima nje ya kila kapi. Ni urefu gani wa kushuka utaushika ule wa katikati usiteleze? Gawa mkazo wa juu kwa uzito wa kila mita. Kwa jaribio langu la mwisho, 50 kugawa kwa 10, ni mita tano kila upande. Mita 10 za mnyororo zinashuka ili kuzinyoosha mita mbili, na hazijazinyoosha.

Umbo lenyewe la mnyororo ulioning'inia liliwasumbua watu wakubwa wa hisabati. Galileo, katika kitabu chake cha 1638, alilifananisha na parabola, mpindo unaofanana na njia ya jiwe lililorushwa. Mwaka 1646 Christiaan Huygens, akiwa na miaka 17, alionyesha kwamba mnyororo hauwezi kuwa parabola. Jibu kamili lilingoja mpaka Jakob Bernoulli alipolitoa swali hadharani mwaka 1690. Mwaka uliofuata majibu matatu yakaja, la Huygens, la Leibniz na la Johann Bernoulli, mdogo wake Jakob. Umbo hilo linaitwa katenari, kutoka neno la Kilatini la mnyororo.

Je, kanuni yangu ya kwenye mfuko wa saruji ni ya uongo basi? Niliihesabu kwamba uzito umeenea sawasawa kwa mlalo, na hiyo inatoa parabola. Uzito wa mnyororo umeenea sawasawa kwa urefu wa mnyororo wenyewe, na hiyo inatoa katenari. Mnepo ukiwa moja ya kumi ya umbali, tofauti ya H kati ya njia hizo mbili ni asilimia moja na kidogo. Kwa waya wa nyumbani, au hata wa laini ndefu ya umeme, makosa ya kupima mnepo kwa macho yanapita hapo. Mimi hutumia parabola bila wasiwasi, na huiweka katenari kwa ajili ya mnepo mkubwa, pale ambapo waya unashuka kama mkufu shingoni.

Kwenye daraja la kuning'inia parabola ni zaidi ya makadirio, kwa sababu mzigo mkubwa ni barabara iliyolala chini, na barabara ina uzito uleule kwa kila mita ya mlalo. Golden Gate, daraja la San Francisco, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1937, lina mita 1,280 kati ya minara, na kebo zake zinanepa kama mita 143. Ukigawa L kwa mara nane ya d unapata 1.1 hivi, yaani kani ya mlalo inazidi kidogo uzito wote unaobebwa na kebo kati ya minara hiyo. Minara haivutwi ikaanguka kwa sababu kebo haiishii juu yake. Inapita juu, inashuka upande wa pili na kufungwa kwenye matungamo makubwa ya zege nchi kavu. Mvuto wa mbele na wa nyuma unafutana, mnara unabaki na kani ya wima tu. Daraja la 1915 Çanakkale la Uturuki, lililofunguliwa mwaka 2022, limefikisha mita 2,023 kwa njia hiyohiyo. Wanaolipiga picha huelekeza kamera kwenye minara. Mimi jicho langu huenda kwenye yale matungamo ya zege.

Maegemeo yasipolingana kimo, watu wengi huchanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa. Dawa ni kuacha kutafuta katikati ya nguzo na kutafuta pale chini kabisa. Chukua nguzo zilizoachana mita 40, moja iko juu ya nyingine kwa mita 6, waya wa nyutoni 10 kwa mita, na sehemu ya chini kabisa ni mita 2 chini ya nguzo fupi, kwa hiyo mita 8 chini ya ile ndefu. Kwenye parabola kimo kinafuata mraba wa umbali. Nane ni mara nne ya mbili, basi umbali wa upande mrefu ni mara mbili ya ule mfupi: mita 26.7 na mita 13.3. Kila nguzo inabeba kwa wima waya wa upande wake, 267 na 133, ukijumlisha unapata 400 zako. H ni moja kwa zote mbili, karibu 444. Nguzo iliyo juu inabeba mara mbili ya mwenzake, na mlalo wanavutwa sawa.

Kwenye mlima mkali yanakuja ya hatari zaidi. Ukiukaza sana waya unaopanda, sehemu ya chini kabisa inahama kuelekea nguzo ya bonde mpaka inaipita. Hesabu inakuletea pale kani ya wima yenye alama hasi, na mtu anadhani amekosea. Hajakosea. Waya umeanza kuivuta nguzo ya bonde kwenda juu. Mafundi wa laini za umeme wanaliogopa jambo hili kwenye usiku wa baridi, waya unapofupika na kukazika, kwa maana vikombe vya kuzuia umeme, vilivyofungwa kuning'inia chini, vinaweza kuinuliwa.

Na baridi ndiyo iliyonifanya nisiirudishe kazi yangu kama ilivyokuwa hata kwa nguzo ya chuma. Chuma hubadilika urefu kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa mita 20 na tofauti ya nyuzi 30 kati ya mchana na alfajiri, ni milimita 7. Waya wenye ziada ya milimita moja na theluthi unazitoa wapi milimita 7 za kufupika? Unazidai kwenye nguzo, kwenye boliti, na kwenye mnyumbuko wake mwenyewe. Waya wenye ziada ya sentimita 13 unafupika bila mtu kujua. Ndiyo maana wanaovuta laini hubeba jedwali la mnepo kwa joto la siku ile. Ukifunga waya mchana wa jua kali bila kuliangalia, alfajiri nguzo ndizo zitakazopambana na hizo milimita.

Kwa hiyo niliisimamisha nguzo upya, nikaifungia waya wa nyuma unaoshuka kwa nyuzi 45 hadi kwenye kigingi, nikabadilisha na boliti ya ukutani kwa nyingine iliyopenya hadi upande wa ndani. Mnepo niliupangia mita moja. H sasa ni 250. Waya wa nyuma unabeba 250 mara 1.41, yaani 354, na unaikandamiza nguzo chini kwa 250 zaidi. Hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi: waya wa nyuma hauiondolei nguzo mzigo, unaugeuza ule wa ubavuni kuwa wa wima, ambao nguzo inauweza. Kebo inapita mita tatu juu ya ardhi, hakuna anayeifikia.

Ilibaki kuuhakiki mnepo. Kuna njia moja ya mafundi wa laini ambayo nilipoisikia sikuiamini mpaka nikaipigia hesabu. Upige waya ngumi moja karibu na nguzo. Wimbi linakimbia hadi upande wa pili, linagonga, linarudi, na ukiwa umeushika waya kwa vidole unalihisi likipita. Mwendo wa wimbi unategemea mkazo na uzito wa waya, na mkazo unategemea uzito, umbali na mnepo. Ukiziweka hesabu hizo pamoja, uzito unafutika, umbali unafutika, kinabaki mnepo peke yake: d = 9.81 × t² ÷ 32, ambapo t ni sekunde za wimbi kwenda na kurudi. Waya mnene au mwembamba, wa mita 20 au wa mita 300, mnepo wa mita moja hurudisha wimbi kwa muda uleule.

Nilisimama kwenye ngazi fupi upande wa ukuta, umeme ukiwa umezimwa, vidole vikiwa juu ya waya na saa mkononi. Nilipiga. Kimya kidogo, kisha kitu kikanigusa vidoleni, kama samaki anayeonja ndoano. Kisha tena, hafifu zaidi. Nilihesabu marejeo matano kwa sekunde 9, sekunde 1.8 kwa kila moja. Hesabu ilitoa sentimita 99. Nilishuka, nikaenda katikati na mti wa kupimia, nikapata mita moja kasoro sentimita moja na nusu, na timazi ikiwa bado imetundikwa kwenye ncha ya nguzo, imetulia sambamba na mbao kutoka juu hadi chini.